Sufuria yangu imenikosanisha na wageni wenzangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 26. Huu ni mwezi wa tatu niko safarini, natumia akiba niliyoiweka kwa miaka minne. Ili hela itoshe nalala hosteli, zile za chumba cha vitanda vingi na jiko la wote. Huko nyuma nilikuwa nakaa siku mbili tatu naondoka, na sikuwahi kugombana na mtu. Hii ya sasa niliipenda, nikalipia wiki tatu nzima. Wiki mbili tu zimepita, na tayari nikiingia jikoni hakuna anayenisalimia.

Nikueleze jiko lenyewe. Kuna jiko la gesi la plati nne, sinki moja, friji mbili na meza ndefu. Wageni tuko kama ishirini. Mimi nimekulia nyumba ya watu wengi, na tangu nina miaka kumi na miwili najua kupika sufuria ya kutosha watu kumi. Kupika kidogo sijui. Basi kila jioni saa kumi na mbili naingia: plati moja wali, moja mchuzi, moja mboga. Nikishapunguza moto nakwenda kuoga, nikirudi chakula kimekaribia kuiva. Saa mbili nimemaliza. Naiacha sufuria juu ya jiko, naita watu, "Karibuni, chakula kipo." Mwanzoni wawili watatu walikuwa wanakula. Siku hizi wanasema asante, wanachukua vyao, wanakwenda kula nje. Chakula kinakaa pale mpaka saa tano usiku, ndipo ninapokitia kwenye kopo, naandika jina langu, naweka kwenye friji. Sufuria ikiwa na ukoko nairoweka kwenye sinki, naiosha asubuhi. Sitaki unione mchafu, Shangazi. Vyombo vyangu vyote naviosha, ila asubuhi.

Mambo yalianza kuharibika Jumatatu ya kwanza. Nilifungua friji nikakuta kopo langu halipo, na lilikuwa na chakula changu cha siku mbili. Kwa hasira nikachukua karatasi, nikaandika kwa herufi kubwa, "ULIYEIBA CHAKULA TUNAKUJUA, ONA HAYA," nikaibandika kwenye mlango wa friji. Ukweli ni kwamba simjui. Kuna kijana mmoja anayerudi usiku wa manane na kula peke yake kwa kusimama, ndiye ninayemshuku, na nadhani kila mtu alielewa kuwa nimemlenga yeye, maana tangu siku hiyo haingii jikoni nikiwemo. Jumatatu hii, yaani juzi, imetokea tena! Kopo halipo, na pakiti ya maziwa ambayo sikuwa nimeiandika jina nayo haipo. Karatasi yangu bado iko pale pale mlangoni.

Jambo la tatu ni la binti wa chumba cha jirani. Siku moja alinikuta na kikaango cha hosteli, akaniuliza kama kimekaangiwa karanga. Nilikuwa nimekaangia, lakini nilikuwa nimeshakiosha, tena nilikuwa na haraka. Nikamwambia, "Nimekiosha, usiogope." Akauliza, "Umekiosha kwa sponji gani?" Hapo nikaona ananidharau. Nikamjibu, "Kwani sponji ziko ngapi?" Akaondoka. Tangu siku ile namwona anakula mkate na matunda tu, chumbani kwake.

Sasa jana asubuhi nimekuta kikaratasi kwenye mkono wa sufuria yangu, ndani ya sinki: "Jiko hili si lako peke yako. Tafadhali." Hakina jina. Nililia. Mimi niliyekuwa nawakaribisha watu kila siku ndiye ninayeambiwa hivyo!

Nimebakiwa na siku sita. Nihame? Niache kupika nile mikate? Au nimtafute aliyeandika tuulizane vizuri?

Mwenye Sufuria Kubwa

* * *

Marahaba, mwanangu, na pole kwa machozi ya jana.

Nitaanza na jambo uliloliweka la tatu, kwa sababu kwangu mimi ndilo la kwanza. Yule binti hakukudharau. Mtu anayeuliza kikaango kimekaangiwa nini, na akishaambiwa kimeoshwa akauliza kimeoshwa kwa sponji gani, karibu hakika ni mtu mwenye mzio wa karanga. Aliuliza kama mtu anayetazama pande zote mbili kabla ya kuvuka barabara.

Mwenye mzio wa aina hiyo, mwili wake huipokea protini ya karanga kama adui aliyeingia nyumbani. Ukiwa mkali, chembe ndogo inatosha: midomo na koo vinavimba, pumzi inabana, shinikizo la damu linashuka, na asipochomwa sindano ya adrenalini mapema anaweza kufa. Moto wa kukaangia hauiui protini hiyo. Inaondoka kwa sabuni na maji, na kusuguliwa. Zile dawa za kupaka mikononi bila maji si za kutegemea. Ila sponji iliyofuta mafuta ya karanga huyabeba na kuyapeleka kwenye chombo kinachofuata, na kinachofuata. Mwiko wa mti una nyufa. Kikaango chenye mikwaruzo hushika mafuta hata kikionekana kinang'aa. Kwa hiyo swali la sponji lilikuwa swali la msingi kabisa, na jibu lako, ingawa ulilitoa kwa hasira, lilimpa habari aliyoihitaji: sponji ni moja. Ndiyo maana anakula mkate chumbani. Amelipia jiko kama wewe na hawezi kulitumia.

Nenda kwake leo. Usiende na sahani ya chakula, maana hatakula, na utamweka mahali pagumu. Nenda na maneno tu. Mwambie, "Siku ile uliniuliza kuhusu karanga nikakujibu vibaya. Nilikaangia karanga kwenye kikaango cha wote, na niliosha kwa sponji ya wote. Samahani. Nifanye nini ili uweze kupika?" Kisha nyamaza umsikilize. Yeye anaujua mwili wake kuliko wewe na mimi. Pengine atakuambia ana sufuria yake begini na anachotaka ni meza ifutwe vizuri. Pengine ataomba sponji mpya iwe yake peke yake, na hiyo mnunulie. Vyovyote atakavyosema, karanga zisiingie tena jikoni humo kwa siku sita ulizobakiza. Halafu umwombe ruhusa ya kuwaeleza mapokezi, ili watenge kikaango na ubao wa kukatia visivyoguswa na karanga. Usiwaeleze bila ruhusa yake. Ugonjwa wa mtu ni siri yake mpaka aamue mwenyewe.

Sasa tuje kwenye sufuria.

Barua yako niliisoma mara ya pili nikiwa na kalamu, nikapigia mstari saa ulizozitaja. Saa kumi na mbili, saa mbili, saa tano, asubuhi. Hebu tupige hesabu pamoja. Mko watu ishirini, plati ni nne. Kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili, wakati ambao kila mtu amerudi na njaa, tatu ni zako. Imebaki moja ya watu kumi na tisa. Tuseme kila mmoja anapika kitu chepesi cha dakika ishirini. Kwa saa mbili watapika sita, na kumi na tatu watasubiri mpaka umalize. Ungetumia plati moja, zingebaki tatu, na katika saa zile zile wangepika watu kumi na wanane. Hakuna aliyekuchukia, mwanangu. Walikuwa na njaa wakisubiri, kwa siku kumi na nne mfululizo.

Na hapa ndipo barua yako iliponigusa, kwa sababu nakuona ulivyo. Umekuzwa kuamini kuwa anayepika kwa wingi ndiye mwema wa nyumba. Nyumbani kwenu ni kweli. Ulipokuwa unashika plati tatu, wale kumi walikuwa wanasubiri chakula chako, hakuna aliyekuwa anasubiri jiko. Kwenye hosteli kila aliyesimama mlangoni ana kitunguu chake na mayai yake mawili mkononi, anataka jiko. Ukarimu wako unamfikia ukiwa umemchukulia zamu yake. Ukimwambia "karibu chakula" wakati amesubiri saa nzima, anasikia kama ameambiwa aache cha kwake ale cha kwako. Na cha kwake kitaharibika kwenye friji, naye alikinunua kwa bajeti ya kuhesabu kama yako.

Wana sababu nyingine za kukataa ambazo hawatakuambia. Mmoja haijui nyama iliyomo. Mwingine anaogopa kwamba akila mara tatu atadaiwa kupika mara moja, na hajui kupika. Mwingine amechoka na hataki mazungumzo. Na wapo walioiona sufuria ikikaa juu ya jiko kutoka saa mbili hadi saa tano usiku, na wanajua madhara yake.

Hili la saa tano nisilipite. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kanuni tano za usalama wa chakula, na ndani yake imo hii: chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kiwe cha moto wa nyuzi zaidi ya 60 mpaka kiliwe, au kiingie kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo vijidudu huzaana haraka. Wali ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu una vijidudu ambavyo mbegu zake huvumilia kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haitoki hata ukiupasha kiporo mpaka ufuke moshi. Sufuria ya watu kumi ina shida ya ziada, inachelewa kupoa katikati. Kwa hiyo ukishapakua, gawa kinachobaki kwenye makopo mapana yasiyo na kina, yaache wazi kidogo mvuke utoke, kisha funika uingize kwenye friji kabla saa mbili hazijapita. Usiingize sufuria nzima ya moto, utayapasha joto maziwa ya watu.

Kuna sentensi moja uliiandika kama jambo la kawaida, na ilinishtua kuliko zote: unawasha plati tatu, unapunguza moto, unakwenda kuoga. Usirudie. Chakula kilichoachwa motoni bila mtu ndicho chanzo kikubwa cha moto wa jikoni, na katika nyumba hiyo ghorofani wamelala watu wasiojua hata mlango wa dharura uko wapi, kwa sababu wamefika jana. Hata pasipowaka moto, mchuzi ukiungua tu king'ora cha moshi kitawatoa watu wote nje na taulo. Ukitaka kuoga, oga kwanza. Na ikitokea mafuta yakashika moto mbele yako, zima gesi, funika kwa mfuniko, uache hapo hapo. Maji usiyaguse, yatayarusha mafuta yanayowaka.

Kuhusu kuroweka nakuelewa, ukoko unasumbua. Lakini sinki ni moja. Asubuhi watu ishirini wanataka kujaza birika na kusuuza kikombe kabla hawajawahi basi, na katikati ya sinki imekaa sufuria ya watu kumi yenye maji yaliyolala. Anayetaka kuosha kikombe lazima kwanza aishike sufuria ya mtu asiyemjua, amwage maji ya ukoko, atafute pa kuiweka. Kuna njia ya haraka. Ukishapakua tu, kabla hujakaa kula, mimina maji ndani ya sufuria, irudishe motoni dakika tano, kwangua kwa mwiko wa mti. Ukoko unaachia wenyewe. Utakula ukiwa umeshamaliza kazi, na kipimo chako kiwe hiki: ukitoka jikoni, anayeingia nyuma yako aweze kuanza kupika bila kusogeza kitu chako hata kimoja. Visu navyo usivitumbukize kwenye maji ya povu ukaviacha, anayefuata ataingiza mkono bila kuona.

Tunafika kwa mwizi wako.

Kopo la kwanza lilipotea Jumatatu. La pili likapotea Jumatatu. Pamoja na la pili ilipotea pakiti ya maziwa isiyo na jina. Kila mara uligundua kwa kufungua friji, hakuna mtu uliyemwona akila. Hosteli nyingi zina siku moja katika wiki ya kusafisha friji. Msafishaji hutoa kila kisicho na jina, na kila kisicho na tarehe au ambacho tarehe yake imepita, kwa sababu wageni huondoka na kuacha vyao vikioza. Wewe umeniambia unaandika jina. Hukuniambia unaandika tarehe. Kabla hujamshuku mtu mwingine, nenda mapokezi uulize, "Friji zinasafishwa siku gani, na lebo inatakiwa iweje?" Huenda kuna tangazo limebandikwa tangu ulipofika na hukulisoma, kwenye majiko ya pamoja matangazo yanakuwa mengi mpaka macho yanayazoea.

Kuanzia leo lebo yako iwe na jina, tarehe uliyoweka na tarehe utakayoondoka. Vitu vyako vyote viweke kwenye mfuko mmoja, kwenye rafu moja, usivitawanye friji mbili. Nyama mbichi au samaki viwe kwenye chombo kilichofungwa, rafu ya chini kabisa, maji yake yasidondokee chakula cha mtu. Kiporo kisizidi siku tatu au nne. Ukiona rafu iliyoandikwa kuwa ni ya wote, hiyo ni ya vitu walivyoachia waliosafiri: chumvi, mafuta, tambi nusu pakiti. Chukua unachohitaji kupikia leo, usijaze begi. Kisicho kwenye rafu hiyo kina mwenyewe, hata kama ni kijiko kimoja cha sukari.

Na ikiwa mapokezi watakuambia friji hazisafishwi Jumatatu, basi kweli kuna mtu anachukua, na hilo ni lao kulishughulikia. Bado si kazi yako kuhukumu kwa karatasi.

Ile karatasi iondoe sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma jibu langu. Uliandika "tunakujua" na humjui, na nyuma ya neno hilo ukajumuisha watu ishirini ambao hukuwauliza. Yule kijana, kosa lake ni kula usiku. Yawezekana anafanya kazi ya zamu. Yawezekana anarudi saa hizo kwa sababu ndipo plati zinapokuwa huru, ulishalifikiria hilo? Mtafute, na kwa kuwa ulimtuhumu hadharani bila kumtaja, usimwombe radhi mbele za watu ukamwaibisha mara ya pili. Mkiwa wawili tu, mwambie, "Niliandika karatasi ile kwa hasira na nadhani ilikuangukia wewe. Sikuwa na ushahidi wowote. Nimeiondoa, nisamehe." Asipotaka mazungumzo, mwache.

Aliyekuandikia wewe kikaratasi, usimtafute. Ukiulizauliza chumba kwa chumba utageuza jambo dogo kuwa baraza. Tena ukilinganisha maandishi yenu mawili, yeye aliandika "tafadhali". Ningependa angekuambia ana kwa ana, maana maneno ya mdomo yana sauti na uso, na mtu anaweza kujitetea. Lakini mtu mwenye aibu, au asiyeimudu vizuri lugha mnayotumia hapo, mara nyingi hana njia nyingine. Mjibu kwa sinki tupu kesho asubuhi. Ataelewa.

Umeniuliza kama uhame. Usihame. Ukihama leo utaibeba sufuria ile ile na saa zile zile kwenye jiko lingine, na yule binti ataendelea kula mkate. Huko nyuma hukugombana na mtu kwa sababu ulikaa siku mbili tatu, na siku mbili mtu yeyote huvumiliwa. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hosteli haina mwenyeji wa kukupa jembe, wote ni wageni, na ndiyo maana kila mmoja analazimika kuliokota mwenyewe.

Nyumba hizi zilianza hivyo hivyo, na sijachoka kuisimulia habari hii. Mwaka 1909 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikuwa safarini kwa miguu na wanafunzi wake, radi na mvua zikawakamata, wakapata hifadhi katika shule ya kijiji, wakalala kwenye majani makavu. Yeye usingizi haukumjia. Akakesha akiwaza kuwa kila baada ya mwendo wa siku moja kwa miguu ingekuwepo nyumba ya namna ile kwa wasafiri vijana wasio na fedha. Hosteli ya kwanza ya kudumu ilifunguliwa mwaka 1912 ndani ya ngome ya Altena. Katika hosteli nyingi za miongo ya mwanzo mgeni alipangiwa kazi asubuhi kabla ya kuondoka: kufagia, kuosha vyombo, kumenya viazi. Bei iliwezekana kuwa ndogo kwa sababu wageni walifanya kazi ya nyumba. Siku hizi kazi hazipangwi kwa orodha, lakini bei ndogo unayolipa bado inategemea mikono ya mgeni, na jikoni ndiko panapoonekana mapema nani ameiweka mikono yake mfukoni.

Swali lako la mwisho lilikuwa kama uache kupika. Hapana, na ningehuzunika ukiacha. Badilisha saa. Pika saa tisa au saa kumi alasiri jiko likiwa tupu, au baada ya saa mbili usiku wengine wakiwa wanakula. Ukilazimika kupika saa ya msongamano, chukua plati moja, na uwe umeshakata kila kitu kwenye kona ya meza kabla hujawasha. Akiingia mtu, mwambie, "Nina dakika kumi hivi, kisha hapa ni pako." Sentensi hiyo pekee ingekuepushia nusu ya yaliyokupata. Na jaribu kupika kidogo. Najua mkono umezoea. Pima mchele kwa kikombe, kikombe kimoja cha chai kinakutosha wewe na kiporo cha kesho mchana.

Kisha chagua siku moja tu ya sufuria kubwa. Jumapili mchana ingefaa, watu wakiwa wanapakia mizigo na friji zimejaa mabaki. Waambie siku mbili kabla, ili asiyetaka awe na nafasi ya kupanga lake. Sema wazi kitakachokuwamo: nyama gani au hakuna nyama, kama kuna maziwa, mayai, ngano, samaki. Aliye na kitunguu au nyanya zinazokaribia kulainika alete, aliye na mikono akate. Wakileta, sufuria itakuwa ya wote, na kuosha kutakuwa kwa wote bila kuomba.

Lakini kabla ya kutangaza, muulize yule binti kama angependa kuwepo, na umkabidhi yeye pakiti ya sponji mpya aifungue mwenyewe. Akisema hapana, usimbembeleze. Akisema ndiyo, mwache asimame karibu na jiko aone kila kinachoingia. Niandikie alikujibu nini.